Kulisha Kondoo wa Metroni

Nyinyi vijana mnaopata kazi katika majumba ya Galu na Diani mna raha ya kuulizwa mnafanya nini, mkajibu bila kutafuta maneno. Huyu mlinzi, yule mpishi, mwingine anatunza bwawa la kuogelea. Mimi nilipoulizwa na mashemeji zangu arusini, nilikohoa kwanza, nikanywa maji, ndipo nikasema, "Nalisha kondoo."

Wakangoja niendelee. Hapakuwa na cha kuendelea.

"Ni wangapi?"

"Watano."

"Wa kuchinjwa?"

"La. Wa kupendwa tu."

Kicheko kilianza hapo, na kwa upande wa mashemeji zangu hakijakoma mpaka leo.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Kinondo, magoti yamekataa kuinama. Lakini haipiti wiki bila kijana mmoja kuja: "Shikamoo babu. Bosi wetu kaleta kondoo, ati anataka wawe wakizunguka bustanini wapendeze macho. Wanakula nini?" Nami namjibu, naye anasikiliza nusu kisha anaondoka, na baada ya siku tatu anarudi mbio kwamba mmoja amelala chali. Kwa hiyo nimeona niyaseme yote kwa mkupuo, na ya aibu yakiwemo. Ya aibu ndiyo yenye faida zaidi.

Kabla ya kondoo nilikuwa weita. Miaka zaidi ya ishirini katika hoteli ya Diani, shati jeupe, tai nyeusi, sahani nne mkono mmoja. Hoteli ikafungwa ili itengenezwe, na matengenezo yenyewe hayakwisha. Nikawa nyumbani, nampangia mke wangu Mwanamisi vijiko mezani mpaka akaniambia, "Baba Saumu, katafute kazi kabla sijakuletea oda." Ndipo jirani akaniarifu kwamba kule Galu kuna mama mmoja kutoka bara anatafuta mtu anayejua kulisha. Nikavaa lile shati jeupe.

Mama huyo alikuwa muuguzi mkuu mstaafu, na kila mtu alimwita Metroni. Alikuwa pande la mama, mwendo wa haraka, miwani imening'inia kwa uzi kifuani. Alihamia pwani kwa sababu mifupa yake ilitaka joto. Siku alipostaafu, watu wa kule baridini alikofanyia kazi walimzawadia kondoo watatu, dume na majike wawili, kwa nia njema kabisa ya kwamba wachomwe siku ileile. Metroni akawatazama machoni, na sherehe ikabidi iendelee kwa maharagwe. Aliposhuka pwani, nao walishuka naye ndani ya pikapu. Nilipofika mimi walikuwa wameshazaa, wametimia watano, na daktari ameshaitwa kufunga uzazi.

"Shikamoo, Metroni."

"Marahaba. Wewe ndio Hamisi? Umewahi kulisha nani?"

"Nimewalisha wageni wa kila pembe ya dunia."

"Walikuwa wanamaliza chakula?"

"Walikuwa wanarudia."

"Basi hawa hawatakushinda. Kuja uone."

Nikamfuata nyuma ya nyumba nikidhani nakwenda kuona jikoni. Nikakutana na macho kumi ya manjano. Dume liliitwa Kamishna, na lilisimama kama linakagua gwaride. Majike makubwa yalikuwa Sista na Bi Harusi. Huyo Bi Harusi alikuwa mweupe, mwenye mwendo wa polepole, kama anayejua kwamba anatazamwa. Wadogo wawili ni Plasta na Bandeji. Ukutani zilitundikwa kadi tano kwa misumari, kila kondoo na yake, mfano wa zile za wagonjwa wodini: amekula nini, amekunywa kiasi gani, amecheua au hakucheua, na choo chake kikoje.

"Na choo pia nikiandike, Metroni?"

"Tumbo haiongei, Hamisi. Inaandika barua. Wewe usome."

Nilikubali kazi. Nyumbani nilimwambia Mwanamisi kwamba nimeajiriwa kuhudumia familia ya watu watano, wala sikusema uongo mwingi.

Siku ya kwanza nikafanya ninachokijua. Nikawaandalia bafe. Nikapanga masinia mstari mmoja: pumba za mahindi, nepia iliyokatwa vipande vya kulingana, maganda ya ndizi, na mwishoni mkate laini niliopewa na rafiki yangu wa jikoni katika hoteli nyingine. Nikasimama kando na kitambaa mkononi. Kamishna hakufuata mstari. Aliingia kwenye pumba kwa miguu yote minne, akala akiwa amesimama ndani ya chakula, na kila mwenzake aliyesogea alipigwa pembe. Plasta akakanyaga maji, Bandeji akatapakaza nepia, na Sista akatoka na sinia shingoni. Mimi nikainama kuokota. Jambo hilo, wanangu, usilifanye kamwe mbele ya kondoo dume ukiwa umempa mgongo. Kamishna alirudi nyuma hatua tatu, kwa adabu kabisa, kisha akanipeleka mpaka ndani ya hori. Metroni alikuwa dirishani. Akafungua kidogo akauliza, "Huko hotelini pia ulikuwa unaingia kwa sahani?"

Basi shikeni hili la kwanza. Chakula cha kondoo kiwekwe horini, kisikanyagwe, maana kikishakanyagwa, wenzake hawali tena, hata wawe na njaa vipi. Kila mmoja apate nafasi ya mkono mzima mbele yake. Dume mpe wa kwanza, upande wa mbali, na umwache azamishe kichwa ndipo uende kwa wengine. Wala usimzoeze dume kula mkononi mwako akiwa mdogo kwa sababu ya uzuri wake. Uzuri utapita, pembe zitabaki.

Mwalimu wangu hasa alikuwa Bi Nyevu, Mduruma wa upande wa Kinango, rika langu, aliyekulia katikati ya kondoo na mbuzi. Yeye ndiye aliyetuletea nyasi kavu mara mbili kwa wiki. Alikuja nyuma ya pikipiki na mzigo mkubwa kiasi kwamba ulichoona barabarani ni lundo la nyasi linalotembea lenye magurudumu mawili na ndara mbili. Siku tuliyoonana mara ya kwanza aliteremka, akaona mkate horini, akaniona na kitambaa changu mkononi.

"Wewe ulikuwa nani kabla ya hapa?"

"Nilikuwa weita, dada."

"Sasa weita, hawa unawapenda au unawachukia?"

"Nawapenda."

"Basi mbona unawaua?"

Akanishika mkono, akauweka ubavuni mwa Bi Harusi, upande wa kushoto, nyuma ya mbavu, pale penye shimo. "Kandamiza kwa ngumi. Tulia. Usipumue kama treni." Nikatulia. Mara kitu ndani kikajipindua polepole, kikanisukuma ngumi, kikashuka. Nilishtuka nikautoa mkono. Bi Nyevu akacheka mpaka akakaa kwenye mzigo wake.

"Hilo ndilo tumbo la majani," akasema. "Ni mtungi, na ndani yake majani yanachachuka. Kila dakika lijigeuze mara moja au mara mbili. Asubuhi kabla hawajala hapo pawe na shimo. Wakishashiba shimo lijae, lisipite mgongo. Likipita mgongo, usinitafute kesho, nitafute saa hiyohiyo."

Mengine alinifundisha kwa matusi madogo madogo, na ndiyo maana sijayasahau. Nyasi kavu kwanza, mbichi baadaye. Chakula kigeni usikilete kwa pupa: leo konzi, keshokutwa konzi mbili, mpaka zitimie siku kumi tumbo limekizoea. Pumba ni kama halua, hakuna anayeshiba halua akabaki mzima. Mkate usikaribie zizi. Nyasi zenye ukungu zirudishe kwa aliyekuuzia, hata awe ni Bi Nyevu mwenyewe. Maji kama wewe huwezi kunawia uso, na yeye usimpe. Na mchana wakiwa wamelala kivulini, wahesabu: zaidi ya nusu yao wawe wanacheua. Anayekaa kimya peke yake huku amefunga mdomo, mfuate.

Jambo la chumvi nililijua kwa kosa. Nilinunua mfuko wa chumvi ya ng'ombe, mzuri, una picha ya ng'ombe anayetabasamu. Metroni akavaa miwani akausoma nyuma, kwenye zile herufi za sisimizi.

"Hii iko na kopa, hiyo madini ya shaba, Hamisi."

"Ng'ombe wanailamba kila siku, Metroni."

"Ng'ombe ni ng'ombe. Kondoo ikilamba kopa, inajaa kwa maini polepole, siku moja inaanguka. Rudisha."

Nikaurudisha. Tangu siku hiyo kila mfuko nausoma mgongo kabla ya uso. Na nyinyi mnaofanya kazi za bustani, yale maua ya rangi ya waridi, mekundu na meupe yenye majani membamba marefu yaliyopandwa kando ya kuta za mahoteli, mkiyakata msiyatupe karibu na mnyama yeyote. Majani yake machache tu yanaua. Bi Nyevu alikuwa akiyapita ameshika pua, ingawa hayana harufu.

Msidhani Metroni alikuwa hana kosa. Alasiri alikunywa chai verandani, na kijiko kilipogusa kikombe tu, kondoo wote watano waliacha nyasi wakakimbilia kule. Nikamwuliza kama anawapa kitu. Akaniambia kwa sauti ile ya wodini, "Kitu gani?" Nikarudi kazini. Lakini mimi nilikuwa nimeshafundishwa kusoma. Asubuhi moja nikakuta kwenye zizi barua ambayo kwa heshima yenu sitaieleza. Nikaichukua kwa sepetu, nikaipeleka mpaka ngazini.

"Metroni, tumbo la Sista limeandika. Linasema biskuti."

Akatazama sepetu, akatazama mbali kidogo, kisha akaomba kadi. Akaandika kwa mkono wake: "Biskuti moja. Imetolewa na Metroni. Haitarudiwa." Kesho yake nikakuta maneno hayohayo. Na keshokutwa yake. Yule mama aliandika kwa uaminifu mkubwa, sitamsingizia, lakini alirudia.

Sasa niwaambie siku ambayo mimi nilikaribia kumuua Bi Harusi.

Metroni alikwenda Mombasa kutolewa mtoto wa jicho. Akaniambia atakaa siku tatu. Kwenye geti akanishika bega. "Hamisi, usibadilishe kitu." Nikasema sawa. Lakini kiburi nacho ni mgonjwa asiyelazwa. Nikawaza: akirudi na jicho jipya, kitu cha kwanza atakachokiona kiwe ni kondoo walionenepa.

Mvua za masika zilikuwa zimeshika. Barabara ya kuja kutoka bara ilikuwa tope tupu, Bi Nyevu hakuweza kufika, na nyasi kavu za mwisho nilikuwa nimezimaliza jioni iliyotangulia kwa kuwaongezea kidogo, na kidogo tena. Asubuhi ya pili horini hapakuwa na kitu, na kondoo wakawa wananililia. Nikaukumbuka mkunde wa Mwanamisi, shamba zima linang'aa kijani, majani teke, yamejaa umande. Nikakata magunia mawili. Nikayamwaga. Walikula kama watu waliotoka safari, hawakuinua vichwa. Nikachukua kalamu nikaandika kadi zote tano: "Wamekula vizuri sana."

Ilipofika saa nne, wanne walikuwa wamelala, wamejaajaa kidogo, wanacheua kwa taabu. Bi Harusi alikuwa amesimama peke yake kwenye kona. Shingo ameinyoosha, anasaga meno. Nikatazama ubavu wake wa kushoto. Shimo lilikuwa halipo. Mahali pa shimo palikuwa na kilima, na kilima kilipita mgongo. Nikakipiga kidole. Kikalia kama ngoma.

Nikampigia simu daktari wa mifugo, naye alikuwa upande wa Msambweni, mkono wake uko ndani ya ng'ombe anayezaa. "Nitakuja," akasema, "lakini si sasa." Nikampigia Bi Nyevu.

"Umempa nini?"

"Kunde."

"Kavu?"

"Mbichi."

"Zina maji?"

"Umande kidogo."

"Walikuwa wamekula nyasi kwanza?"

Nikalitazama hori.

"Weita," akasema, "kaa na aibu yako baadaye. Una mafuta ya kupikia?"

Mafuta hayakuwepo, Metroni alikuwa mtu wa kuchemsha. Nikampigia Mwanamisi. Kabla simu haijapoa alikuwa ameshuka kwenye tuktuk na chupa kubwa kifuani, anahema.

"Haya ni mafuta ya mahamri ya maulidi, Baba Saumu! Akina mama wote wananingoja mimi!"

"Kondoo anakufa."

Akamwona. Akaliweka buibui lake juu ya ukuta, akafungua chupa.

Bi Nyevu akawa anatuongoza kwa simu, nimeiweka mfukoni ikipiga kelele. "Usimwinue kichwa juu, mafuta yataingia kwenye pumzi! Kwa pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, ngoja ameze! Sasa tafuta kijiti, kipitishe mdomoni kama hatamu ya punda, ukifunge kwa kamba nyuma ya masikio. Atakitafuna, na akitafuna upepo utapata njia. Umemaliza? Sasa miguu ya mbele juu, ya nyuma chini, na umkande ubavu wa kushoto!"

"Kushoto kwangu au kushoto kwake?"

"Hamisi! Tumbo ni la nani?"

Tukampandisha kwenye ngazi za veranda. Mimi nikasimama juu nimemkumbatia kwapani, miguu yake ya mbele iko mabegani mwangu, uso wake na wangu umegusana, na kijiti mdomoni mwake. Mwanamisi yuko nyuma anakanda ubavu kama anayekanda unga, anasema "Bismillahi" kwa kila msukumo. Kamishna alikuja akasimama chini ya ngazi akitutazama, na kwa mara ya kwanza hakumpiga mtu.

Hakuna kilichotokea. Tulikanda mpaka mikono ikafa ganzi. Pumzi yake ikawa fupi fupi, ulimi ukabadilika rangi, na uzito wake wote ukaniegemea. Watu husema kondoo ni kondoo. Lakini nilikuwa nimemlisha yule mnyama asubuhi na jioni kwa miaka, naye alinitazama karibu kiasi hicho bila kunilaumu, na hilo ndilo lililonishinda. Machozi yakanitoka, nikamwambia, "Nisamehe, Bi Harusi. Usife. Nakuomba."

Geti likafunguliwa.

Ilikuwa tuktuk. Ndani yake Metroni, amerudi siku moja kabla, jicho moja limefunikwa bandeji nyeupe. Akateremka. Akamwona mtumishi wake amekumbatiana na kondoo ngazini, analia, mke wa mtumishi yuko nyuma kichwa wazi amelowa mafuta, na sauti ya mwanamke mwingine inatukana kutoka mfukoni.

"Hamisi," akasema polepole, "ni jicho yangu, ama ni nyinyi?"

Bi Harusi akacheua hewa. Niseme alibeua, lakini neno hilo ni dogo. Ilitoka kama tairi la lori linalotobolewa, ndefu, haina mwisho, magunia mawili ya kunde yote usoni mwangu. Kofia ilinianguka. Dereva wa tuktuk akasema, "Alhamdulillahi," sijui alidhani nani amepona. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu, na chini ya mikono ya Mwanamisi kilima kikaanza kushuka.

"Ametoa upepo?" mfuko ukauliza.

"Ametoa!" Mwanamisi akapiga vigelegele.

"Basi msimwache alale! Mtembezeni!"

Tukamtembeza kwenye ua, mbele na nyuma, na Metroni akitembea kando yetu, kidole kwenye mshipa wa paja la kondoo, anahesabu mapigo kimoyomoyo. Alipotosheka, akaenda kwenye ukuta wa kadi. Akasogeza jicho lake zima karibu. Akasoma kwa sauti: "Wamekula vizuri sana."

Akanigeukia. Ningeweza kuisingizia mvua. Ningeweza kusema walivunja kamba wakaingia shambani, na Mwanamisi angenyamaza kwa heshima yangu.

"Metroni, nyasi kavu nilizimaliza kwa upumbavu. Asubuhi nikawapa kunde mbichi zenye umande, tumbo tupu. Uliniambia nisibadilishe kitu. Kosa ni langu."

Akanipa kalamu. "Andika hiyo."

Nikaandika, wino unateleza kwenye mafuta. Nilijua nikimaliza nitaambiwa nichukue shati langu jeupe niende. Yeye akakaa kwenye ngazi.

"Mwaka yangu ya kwanza hospitali," akasema, "kulikuwa na mzee ananingoja nimpeleke kupasuliwa. Hajakula tangu jana. Akanililia njaa, nikamhurumia, nikampatia uji. Kikombe mzima. Nikaandika kwa faili: hajakula. Nikakaa na hiyo uwongo dakika kumi, halafu nikakimbia kwa daktari nikasema. Alinitukana mbele ya wodi yote. Lakini mzee hakupasuliwa hiyo siku, na alienda nyumbani mzima." Akafuta miwani ambayo siku hiyo haikumsaidia. "Mtu wa kukosea siogopi, Hamisi. Naogopa mwenye anaandika 'vizuri sana' halafu anaenda kukunywa chai." Kisha akamgeukia Mwanamisi. "Na hiyo mafuta ni ya nani?"

"Ya maulidi, Metroni."

"Kuna mtu anangoja mahamri?"

"Akina mama arobaini."

Metroni akainuka kwa namna ya mtu aliyeitwa na mgonjwa. Akampandisha Mwanamisi kwenye tuktuk ileile, akapanda naye, wakaenda dukani kununua mafuta mengine, na mimi nikabaki nikizunguka ua na Bi Harusi. Nasikia Metroni alikaa pale kwenye maulidi mpaka mwisho, bandeji jichoni na mtandio kichwani, akila mahamri, na akina mama wakimpisha mke wangu njia kwa sababu ya harufu ya kunde.

Daktari wa mifugo alifika alasiri. Akapima, akasikiliza, akauliza ni nani aliyemfunga kijiti. Nikasema ni Bi Nyevu kwa simu. Akasema huyo mama angefaa kuajiriwa. Nilimfikishia Bi Nyevu salamu hizo, naye akasema, "Mwambie mimi nina kazi. Ninafundisha weita."

Siku hizi mna mambo mengi. Robota za nyasi zinakuja kwa lori kutoka bara zimefungwa kwa mashine, kuna vyakula vya vidonge ndani ya mifuko, na simu itakuonyesha kondoo wa nchi za mbali wakilishwa na mtu mwenye gwanda safi. Tazameni, hakuna ubaya. Lakini ukimaliza kutazama, iweke simu mfukoni, nenda ukamkandamize ubavu wa kushoto kwa ngumi yako mwenyewe. Na akiba ya nyasi kavu isipungue siku nne, hata jua liwe linawaka namna gani.

Miaka ilikwenda. Mifupa ya Metroni, ambayo pwani iliipoza kwa muda, ikaanza tena, na miguu ikakataa ngazi. Binti yake akaja kumchukua aishi naye bara, ghorofani, mahali ambapo hata paka haruhusiwi. Nyumba ikabaki, kondoo wakabaki, nami nikabaki nao kwa miaka miwili ya mwisho ya kazi yangu. Siku ya kuondoka alimpitia mmoja mmoja kwa jina. Kwa Kamishna alikawia sana. Mimi nilijifanya natengeneza bawaba ya mlango.

Kila alasiri akawa ananipigia. Ananisomea maswali yote ya kadi, mpaka choo, namjibu. Siku moja akauliza, "Bi Harusi iko karibu? Nipe niisikie."

Nikamwekea simu mdomoni. Bi Harusi, ambaye asubuhi nzima alikuwa amelia mpaka majirani wakalalamika, akaitazama simu kama barua ya mtu mwingine. Kimya. Nikamtekenya. Kimya. Nikasikia kule upande wa pili pumzi ya mtu anayengoja, na sikuweza kuivumilia. Nikatazama kushoto na kulia nione kama kuna mtu. Nikajikohoza. Kisha mimi, Hamisi, mzee wa msikiti wa Kinondo, babu wa wajukuu saba, nikaishika simu karibu na mdomo nikalia, "Meee."

"Hiyo imepata homa," Metroni akasema.

Kesho yake akamwomba tena, nikalia tena, nikiboresha kidogo mwishoni. Hivyo tukaenda siku tano, sita. Nikawa na sauti ya Sista, ya Plasta, ya Bandeji. Kamishna nilimpa nzito. Wiki ya pili, nilipomaliza kulia, akaniita.

"Hamisi."

"Naam, Metroni."

"Nimelea kondoo tangu niko mtoto. Nimeuguza watu miaka yangu yote. Unafikiri sijui nani analia?"

Nikasikia uso unawaka mpaka masikioni. "Samahani, Metroni. Wao hawataki simu."

"Najua hawataki. Usiwasumbue." Kisha kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake akauliza, "Ni saa ya kuwapatia nyasi?"

"Ndiyo, ninazo mkononi."

"Basi weka simu kwa hori, nisikie wakikula."

Nikazitawanya nyasi kavu mstari mrefu, nikampa Kamishna wa kwanza upande wake, nikailaza simu kwenye ukingo wa hori. Wakaja, wakainamisha vichwa. Sijui kama mmewahi kukaa kimya mkasikiliza kondoo watano wakila nyasi kavu. Zinavunjika, zinasagika, kwa pamoja, kama mvua ndogo inayoanza juu ya makuti. Nikageuza ndoo nikakaa kando yao. Mara mojamoja nilisikia kutoka kwenye simu pumzi yake, nzito, imetulia.

Walipofika kwenye nyasi ya mwisho nikainuka kwa magoti yangu mabovu nikaichukua simu, nikidhani amekata zamani au amelala.

"Waongeze kidogo," akasema.